Shuka ya Jirani

Simu ya kwanza ilinikuta na vifungo mdomoni.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na vifungo navishona kwa mkono, maana kifungo kilichopitishwa mashine kinang'oka mtoto akivutwa shati mara moja tu uwanjani. Nikifika kwenye vifungo huwa navibana midomoni, vimejipanga kama meno ya pili, mkono usihangaike kwenda koponi na kurudi. Mtu akinisemesha wakati huo najibu kwa pua. Mm ni ndiyo, m-m ni hapana. Mjukuu wangu alipokuwa mdogo, kazi yake ilikuwa kukaa chini ya meza ya cherehani na kuniuliza maswali, na mimi kumjibu kwa pua, mpaka akanibatiza Bibi Kifungo. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo. Wateja huniita Fundi. Fundi viatu wa mlango wa pili, ambaye mtaa mzima unamwita Soli, huniita Mkuu, hasa akitaka kuazima mkasi wangu.

Basi nikatema vifungo kiganjani, nikapokea.

"Hujambo, Bibi Kifungo?" Sauti ya kijana wa kiume, imelainishwa kama imepakwa mafuta. "Nina habari njema kwa ajili yako leo."

Nilicheka. Nilidhani ni mwenzake mjukuu wangu ananitania. Nikamwambia, "Habari njema hazibishi hodi, mwanangu. Zilete."

Habari yenyewe ikawa bima ya mazishi. Akanieleza habari za jeneza, gari la kubebea, maturubai na viti, na picha yangu kubwa itakayowekwa mbele ya watu. Nilimsikiliza mpaka akaishiwa pumzi, kwa sababu nililelewa kwamba mtu akisema humkati kauli. Alipomaliza nikamwambia asante, lakini mimi leo nina mashati ya watu, kufa sina nafasi. Akacheka, akasema atanipigia nikipata nafasi.

Akanipigia kesho yake. Na kesho kutwa akapiga mwenzake. Walijua kuchagua saa: kitambaa kiko chini ya sindano, mguu uko kwenye pedeli, simu inalia. Ukiacha, inalia tena. Ukipokea, "Hujambo, Bibi Kifungo?"

Mtu atasema, si usipokee. Mimi simu ndiyo mlango wa duka langu. Mama wa mtoto ananipata kwa namba ambayo sijawahi kuiona, kapewa na mama mwingine pale shuleni. Niliacha kupokea siku moja tu, na jioni yake akaja mama mmoja amefura, mikono kiunoni.

"Fundi, nimekupigia mpaka kidole kimechoka. Umekuwa mkubwa siku hizi?"

Nilimwomba radhi. Kitambaa chake alikuwa ameshampelekea fundi mwingine.

Jioni ile nilimweleza mjukuu wangu. Huyu ni mtoto wa binti yangu. Mama yake alikwenda mbali kutafuta maisha, maisha yakampata yeye, akaolewa huko huko. Mtoto akabaki kwangu tangu hajaota meno ya mbele. Babu yake alipokuwa hai alikuwa akimwita mchumba, basi mimi nikamwita mke mwenza, na mpaka amekuwa mtu mzima ndivyo tunavyoitana tukiwa wawili. Alikuwa amepata kazi kwenye lile jengo la vioo kule barabara kubwa, ghorofa ambayo watu wanakaa wamevaa visikizi kichwani na kuzungumza na watu wasiowaona. Aliniambia ni huduma kwa wateja: mtu kitu chake kikiharibika, anapiga, wao wanamsaidia. Nilimshonea blauzi za kwendea, kola nikaziweka kitambaa kigumu ndani zisilale. Kila alasiri akitoka alikuwa akinipigia akiwa njiani: "Mke mwenza, nije na nini?" Nami namjibu mkate, au nyanya, au njoo na miguu yako tu.

"Kuna watu wananipigia kunizika," nikamwambia.

Alikuwa anavua viatu. Hakuinua kichwa. "Watu gani?"

"Wa bima. Wananiita Bibi Kifungo."

Kiatu cha pili kilichelewa kutoka. "Siku hizi kompyuta zinajua kila kitu, Bibi. Lete nikufungie hiyo namba."

Akaichukua simu yangu, akabonyeza hapa na pale, akanirudishia. Kesho yake wakapiga kwa namba nyingine.

Redio ndiyo iliyonifumbua macho. Ninayo ndogo juu ya rafu ya nyuzi, inazungumza mchana kutwa kama mke wa pili. Siku hiyo walimwalika mwanasheria mwanamke, mwenye kusema taratibu kama anayemlisha mtoto. Alisema imetoka sheria mpya juu ya hawa wanaopigia watu kuwauzia vitu. Ukiwaambia wasikupigie tena, ni lazima wakufute, na wakikurudia wamevunja sheria. Ukiwauliza namba yako waliipata wapi, ni lazima wakujibu hapo hapo, kabla hawajakata. Wakikataa au wakikudanganya, ipo mamlaka, ina dawati la malalamiko, na namba yake akaitaja mara mbili. Niliiandika kwa chaki ya kitambaa ukutani, pembeni ya kioo.

Soli alikuja kuazima mkasi, akaiona. "Mkuu, umeanza kuandika namba za wanaume ukutani?"

"Ya serikali hiyo."

"Ndio hao hao, wana mishahara."

Nikamweleza. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akashika kidevu. "Hata mimi hunipigia. Lakini mimi huniita 'mpendwa mteja'. Hawajui kama naitwa Soli, wala kisigino. Wewe wanakuita jina la chumbani." Akanitazama. "Mwizi akiingia bila kuvunja mlango, Mkuu, huyo ana ufunguo."

"Kompyuta zinajua kila kitu," nikasema.

"Kompyuta imekaa lini chini ya meza yako?"

Nilimpa mkasi aende zake. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo ndiyo kazi yangu, kila mshono nautazama dirishani kwenye mwanga. Ule mmoja sikutaka kuutazama.

Baada ya hapo akapiga mwanamke. Alianza kama wenzake, nami nilikuwa nimejiandaa na swali langu la sheria. Sikuwahi kulifikia.

"Bibi Kifungo," akasema, sauti imeshuka kama mtu anayekushika bega, "tunaelewa. Wewe ni mtu wa heshima zako. Hutaki uje uzikwe kwa shuka ya jirani."

Sikumbuki aliendelea kusema nini. Nakumbuka mguu wangu ulibaki kwenye pedeli, cherehani ikatembea peke yake, ikashona mkono wa shati na kifua chake pamoja.

Mama yangu alizikwa kwa shuka ya jirani. Nilikuwa mtoto wa darasa la mwisho. Ndani mwetu hapakuwa na kitambaa kizima, na jirani akaenda kuanua shuka yake kwenye kamba, mbichi bado, ina ua la buluu kwenye pindo. Watu walitenda wema, wala sina neno nao. Lakini watoto wa jirani wakaniambia shuleni, "Mama yako amelala na shuka yetu, mtaturudishia lini?" Nadhani ndiyo sababu nikajifunza kushona. Jambo hilo sikumwambia marehemu mume wangu, wala binti yangu. Nilimwambia mtu mmoja, mwaka alioumwa homa, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake namkanda kwa maji, naye akaniuliza, "Bibi, wewe unaogopa nini?" Alikuwa anatetemeka, nikataka ajue kwamba hata watu wazima wanaogopa. Nikamwambia.

Sasa hapo hata kipofu angeona.

Hata hivyo sikusema. Ninajua watu watanicheka, lakini mimi kushonua ninaanza taratibu, nafuata uzi mmoja mmoja, nisije nikachana kitambaa. Nilitaka aseme mwenyewe. Nilitaka aingie mlangoni, aketi, aseme, "Bibi, nimekosa." Kama angesema, ningemgombeza mpaka majirani wasikie, kisha ningempakulia chakula. Basi jioni ile nikampa nafasi. Nikamwambia, "Leo wamenitajia habari ya shuka."

"Shuka gani?"

"Ile."

Akanywa maji, kikombe kizima, bila kukitoa mdomoni. "Bahati tu, Bibi. Kila mtu wanamwambia maneno ya namna hiyo."

"Kila mtu mama yake kazikwa kwa shuka ya jirani?"

"Nimechoka, Bibi. Kesho tutaongea."

Kesho hatukuongea. Na ile simu yake ya alasiri, ya kuuliza aje na nini, siku hiyo haikuja. Iliyokuja ilikuwa kabla yake, mchana, namba nisiyoijua. Nikatema vifungo.

"Hujambo, Bibi Kifungo? Unaongea na mhudumu wako," na akataja jina la kike ambalo si lake.

Sauti waliifundisha kupanda juu, ikawa nyembamba na yenye kutabasamu. Lakini mtoto uliyemfundisha kutamka "bibi" hata akiongea ndani ya pipa utamjua. Nyuma yake nilisikia sauti nyingine nyingi, zote zinatabasamu.

"Sijambo," nikasema. "Wewe u mzima?"

Akameza mate. "Mimi mzima, asante kwa kuuliza. Simu hii inarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma zetu. Bibi, umewahi kufikiria mzigo utakaowaachia uwapendao?"

"Nimefikiria sana. Ninaye mmoja tu wa kumwachia."

Kisha nikasikia sauti ya mwanamume karibu naye, chini chini: "Endelea. Soma."

"Nafahamu," akasema, akakwama, akaanza tena. "Nafahamu hungependa kuzikwa kwa shuka ya jirani."

Alisoma vizuri. Sikuzote alisoma vizuri, nilikuwa nikimsikiliza akisoma huku nikipiga pasi.

Nikakaa wima kwenye kiti changu. Nikasema neno kwa neno kama yule mwanasheria: "Kuna sheria. Nikikuuliza mmeipata wapi namba yangu, ni lazima unijibu kabla hujakata. Basi nakuuliza. Namba yangu, na hilo jina, na hiyo habari ya shuka, mmevipata wapi?"

Nilikuwa bado nampa nafasi, jamani. Angeweza kukaa kimya. Angeweza kukata, akasema mtandao. Kama angeniambia "sijui", hata hiyo ningeipokea.

"Taarifa hizo ulitupatia wewe mwenyewe, mama," akasema.

Mama. Si Bibi.

"Mimi mwenyewe?"

"Ndiyo, mama. Kwa hiari yako."

Nikaitazama namba ya chaki ukutani mpaka ikaacha kucheza. "Vizuri. Kwa sheria hiyo hiyo nasema nisipigiwe tena. Na jina hilo mlifute."

"Ombi lako limepokelewa. Uwe na siku njema."

Alirudi mapema, jua bado lipo, na mkate ambao hakuna aliyemwagiza. Akauweka mezani juu ya mashati yangu yaliyonyooshwa. Blauzi yake ilikuwa ile ya kola ngumu, na kola ilikuwa imesimama vile vile nilivyoitengeneza.

"Msimamizi alikuwa nyuma yangu, Bibi. Kwenye kioo cha kompyuta jina linatokea lenyewe, mashine ndiyo inayopiga. Ningefanyaje?"

"Sijakuuliza cha leo. Nakuuliza cha mwanzo."

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Akasema huku anachezea futi yangu ya kupimia, anaikunja na kuikunjua. Kila anayeajiriwa pale, wiki ya kwanza anatakiwa alete watu wake. Wanachukua simu yako, wanahamisha namba zote kama zilivyo, na majina kama ulivyoyaandika mwenyewe. Kisha unakaa kwenye kompyuta, na kila mtu ana nafasi yake ya kujazwa: umri, kazi, anaogopa nini. Wanafundishwa kwamba mtu hanunui kitu, ananunua hofu yake.

"Kila mtu alijaza," akasema. "Wengine wamewatoa hata mama zao."

"Ungewaambia naogopa panya."

"Bibi!"

"Panya wapo. Ningeuziwa paka, mambo yakaisha. Ulikuwa na hofu zangu ngapi za kuchagua? Umeme, madaktari, ng'ombe. Ukaenda kuchomoa ile."

Machozi yakaanza kumtoka. Nilimwacha. Nimemfuta machozi miaka mingi, nilitaka siku hiyo nione yanaishia wapi yakiachwa.

"Niliogopa kukwambia," akasema.

"Sasa hiyo hofu yako umeijaza wapi? Labda na yenyewe kuna mtu anaiuzia bima."

Soli alipita mlangoni na kiatu mkononi, akatutazama, akageuka. Soli anapokosa utani, ujue mambo ni mazito.

Nikachukua simu. Dawati la mamlaka lilikuwa bado wazi, yule mwanasheria alisema mpaka jioni. Nikaanza kubonyeza, huku naangalia ukutani.

"Bibi, unampigia nani?" Akaiona chaki. Akasimama. "Bibi, usifanye hivyo. Wakichunguza watanifukuza. Si umewaambia wasikupigie? Hawatapiga tena, nakuapia. Limekwisha."

"Wewe umenipigia, ukaniambia nilijitoa mwenyewe. Hilo halijaisha."

Akapokea afisa, mwanamke, mwenye sauti ya kuchoka lakini ya kwake mwenyewe, haikufundishwa. Nikamweleza tangu simu ya kwanza. Maneno yangu yalikuwa marefu, najijua, lakini hakunikata kauli. Aliniuliza jina la kampuni, nikampa. Akaniuliza walijibu nini nilipowauliza chanzo, nikamwambia: walisema nimewapa mwenyewe.

"Na hukuwapa?"

"Sikuwapa."

"Unafahamu nani aliwapa, mama? Tukijua chanzo, tunawafuata vizuri zaidi. Na si wewe peke yako, wapo wengi."

Nikamtazama mjukuu wangu. "Ninafahamu," nikasema. "Yupo hapa. Atakueleza mwenyewe."

Nikamnyooshea simu. Nakiri mpaka hapo nilikuwa bado nataka aseme mwenyewe. Asingehitaji kusema mengi. "Ni mimi, mjukuu wake. Walitulazimisha." Basi. Afisa angeandika alivyolazimishwa, na mimi ningekata mkate. Kumfukuza wangemfukuza, ndiyo, lakini cherehani ya pili ipo, nimeifunika kitambaa pembeni, inamsubiri mtu.

Aliichukua simu kwa mikono miwili. Mimi nikachota vifungo kwenye kopo lililo mbele yangu, nikavipanga midomoni, nisije nikamsemea. Akaiweka simu sikioni. Nikamsikia yule afisa akisema, "Haya, nakusikiliza." Mjukuu wangu akafungua mdomo. Akanitazama, akatazama dirishani, kule ambako vioo vya lile jengo huwa vinawaka jua likishuka.

Kisha kidole chake kikatambaa, nikakiona, kikabonyeza chini.

"Imekatika, Bibi," akasema. "Mtandao."

Uso ulikuwa umetulia kabisa. Machozi yalikuwa yameshakauka. Akaiweka simu juu ya mashati, kando ya mkate, taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

Nilitaka kulia na sikuweza, kwa ajili ya vifungo.

Simu ikalia. Namba haikuwa na jina.

Tuliitazama wote wawili ikitetemeka juu ya kitambaa, inasogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni.

"Usipokee, Bibi," akasema mjukuu wangu, na sauti yake ilikuwa imepanda juu, nyembamba, ina tabasamu. "Watakuwa wale wale wa bima."

Nikatema vifungo kiganjani, nikapokea.

"Nipo," nikasema. "Haukuwa mtandao. Andika."